Adabu Mbele ya Sahani, Adabu Mbele ya Pori

Ndugu msomaji, mbele ya kukueleza safari yangu, nikuombe jambo dogo. Kesho asubuhi, wakati mama wa nyumba anawasha mbabula, simama karibu naye kidogo na uangalie yale makala. Kamata kipande kimoja mkononi. Utaona ndani yake mistari ya mviringo: ni miaka ya muti. Muti ule ulisimama pahali fulani, ulikunywa mvua, ulipana kivuli, labda wanawake walikuja kuokota bishimu kwenye matawi yake. Leo unapika bukari yako.

Mimi ninayekuandikia nilikuwa fundi katika mugodi, kisha nikawa mtu wa makala. Mwaka wa 2003 kazi ilikatika, na mimi nilikuwa na watoto sita wa kulisha na kusomesha. Nilikamata shoka kama wenzangu wengi, nikaenda pori. Sijisifu, wala sijifichi. Nilikata miti, nikaipanga, nikaifunika majani na udongo, nikaichoma, nikauzisha mifuko. Makala yale yalilipa masomo ya mtoto wangu wa kwanza mpaka chuo kikuu kule Kisangani.

Na ni yule mtoto aliyenipeleka mbali. Akiwa Kisangani alipata mchumba, binti wa Ituri. Mwaka wa 2010 nilipashwa kwenda kwa wakwe kumaliza maneno ya mali. Huko, mbele ya sahani ya wakwe, nilikosa adabu. Kosa lile likanifundisha juu ya pori jambo ambalo miaka saba ya kukata miti haikunifundisha. Kwa hiyo nataka tusafiri pamoja, wewe na mimi, polepole.

MAJI YETU YANAKWENDA WAPI?

Pori letu la Katanga si kama pori la kule. Kwetu miti inaachana kidogo, jua linaingia, majani yanaota katikati, na wakati wa kiangazi moto unapita. Mvua inatuacha miezi mingi, kila mtu anajua vumbi la mwezi wa saba. Lakini kule kaskazini, karibu na mstari unaokata dunia katikati, mvua inanyesha karibu kila mwezi. Ndilo pori kubwa la mvua la Kongo, la pili katika dunia nzima nyuma ya lile la Amazon. Karibu sehemu sita juu ya kumi za pori lile liko katika inchi yetu.

Kutoka Lubumbashi mpaka Kisangani ni zaidi ya kilomita 1300 katika hewa. Nilipata nafasi karibu na dirisha la ndege. Kwanza niliona pori letu, rangi ya udongo, na matundu matundu ya mashamba. Kiisha, saa moja na zaidi, rangi ikabadilika. Chini kukawa kijani tu, kijani bila mwisho, kama sombe iliyotwangwa vizuri na kujazwa katika beseni kubwa. Katikati yake mto unapinda pinda na kungaa.

Mto ule unaujua, msomaji. Ni Lualaba yetu. Maji yake ndiyo yanayozungusha mashini za umeme za Nzilo na Nseke karibu na Kolwezi, umeme wa migodi yetu. Yakiisha kutumika kwetu, hayapotei. Yanateremka, yanapita Bukama, Kongolo, Kindu, na yanaingia katika pori kubwa. Kisangani, chini ya maporomoko saba ya Boyoma, mto unabadilisha jina, unaitwa Kongo. Kwa hiyo usiseme pori la mvua ni maneno ya watu wengine. Kitu tunachotupa ndani ya maji huku kwetu, kuna mtu kule chini anayekunywa.

Kisangani nilikwenda kuona wavuvi Wagenia. Wamesimamisha miti mikubwa ndani ya maji makali, na wanafunga vikapu vikubwa kwenye miti ile. Samaki anayesukumwa na maji anaingia ndani ya kikapu. Nilikula pale samaki aliyepikwa ndani ya majani ya mangongo, pamoja na lituma, ndizi iliyotwangwa. Nyuma ya kula, mama aliyenipikia alitupa majani yale chini ya mgomba. Hakuna kuosha sahani, hakuna sashe ya kuziba mfereji. Sahani inarudia udongo, na udongo unalisha mgomba. Nilicheka peke yangu nikikumbuka mifereji yetu wakati wa mvua, imejaa sashe mpaka maji yanaingia nyumba za watu.

Kitu kingine nilichokiona Kisangani: ukipita mbele ya watu wanaokula, watakuita. “Baba, karibu tukule!” Hata chakula kikiwa kidogo, hata kama hawakujui. Na wewe unajua jibu: “Aksanti, nimeshiba, mukule muzuri.” Kwetu pia ilikuwa hivyo. Nakuuliza, msomaji: katika kiwanja chako, ni lini mara ya mwisho ulipomwita mtu anayepita? Ao siku hizi tunafunga mulango kwanza, kiisha tunafunua chungu?

NJIA YA PORI

Kutoka Kisangani tulishika barabara ya Ituri, mtoto wangu na mimi, ndani ya gari moja la mizigo. Ni zaidi ya kilomita 400. Tulipita Bafwasende, tulilala Nia-Nia. Njiani tulipishana na vijana wanaosukuma baiskeli zilizobeba mafuta ya ngazi, na kamioni za mbao. Niliona vilevile vikapu vya nyama iliyokaushwa kwa moshi, vimepangwa juu kwa juu, tayari kwa masoko ya mbali. Nikasema ndani ya roho: kumbe hapa pia watu wanabeba, kama sisi tunavyobeba makala.

Mbele kidogo unaingia katika akiba ya wanyama ya Okapi. Ilianzishwa mwaka wa 1992. Ni kubwa, karibu kilomita za mraba 13 700, ni kusema sehemu moja juu ya tano za pori la Ituri. Mwaka wa 1996 UNESCO iliiandika katika urizi wa dunia yote, na mwaka wa 1997, kwa ajili ya vita, iliiandika tena katika orodha ya urizi ulio hatarini.

Okapi unamjua kwa jina, kwa sababu ya Radio Okapi. Lakini umewahi kumwona? Pale Epulu, kando ya mto wenye jina lile lile, walikuwa wakiwachunga wachache ndani ya uzio. Ni ndugu wa twiga, lakini shingo yake si ndefu sana. Mgongo ni rangi ya kahawa iliyoiva, miguu ina mistari kama punda milia. Wataalamu wa Ulaya walimtambua mwaka wa 1901 tu, lakini watu wa pori, Wambuti, walimjua tangu mababu. Ulimi wake ni mrefu mpaka anasafisha nao masikio yake.

Mchungaji wake alinionyesha namna anavyokula. Katika pori anakamata majani kidogo kwenye muti huu, anatembea, anakamata kidogo kwenye muti mwingine. Anakula aina zaidi ya mia moja za majani. Hasimami kwenye muti mmoja mpaka ubaki uchi. Nilimwangalia kwa muda mrefu. Sikujua kwamba jioni ile ile nyama wa pori atanishinda adabu.

KOSA LANGU

Kijiji cha wakwe kiko ngambo ya Epulu, kwenye barabara inayokwenda Mambasa. Ni Wabira, watu wa mashamba, na wanaishi karibu na Wambuti, watu wa pori, tangu zamani. Tulifika jua likishuka. Hodi, hodi! Karibuni! Watoto walipokea mizigo. Tulipewa viti. Hakuna aliyetuuliza habari ya mali siku ile. Kwanza maji ya kunywa, kiisha maji ya kuoga, kiisha salamu za watu wote, mmoja mmoja, kutoka mkubwa mpaka mdogo. Kufika kwa watu na kuanza mara moja na shida iliyokuleta, hiyo ni tabia ya mtu wa ofisi, si ya mukwe.

Binti mmoja alipiga magoti na kupitisha maji ya kunawa. Alianza na mzee wa nyumba, babu wa bibi-arusi, kiisha mimi, kiisha wengine. Tuliomba baraka ya chakula. Walifunua sahani: lituma, sombe ya mafuta ya ngazi, na kuku nzima kwa heshima yangu.

Sasa fahamu, msomaji, nilikuwa na siku mbili za njia mbaya. Tumbo lilikuwa linapiga kelele. Mzee alikuwa bado anazungumuza, mkono wake juu ya goti. Mimi nikanyoosha mkono, nikapita juu ya mkono wa mtu aliyekaa karibu nami, nikakamata firigisi na paja. Nikaweka kinywani.

Hakuna aliyesema kitu. Mzee alinyamaza kidogo, tena akaendelea na maneno yake. Mtoto wangu aliangalia chini. Ndipo bibi mzee wa nyumba akasema kwa sauti ya upole: “Baba wa Lubumbashi ametoka mbali, njaa inamuuma. Mumuongeze!” Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini firigisi ikanikwama kooni.

Usiku sikulala vizuri. Nilijiambia: labda firigisi ile wangenipa mimi, maana nilikuwa mgeni. Karibu hakika wangenipa. Lakini kitu unachopewa na kitu unachojikamatia si kimoja, hata kikiwa kipande kile kile cha nyama. Kile unachopewa kinakufanya ndugu. Kile unachojikamatia kinakufanya mwizi mbele ya watu wanaokupenda.

Na ona adabu ya yule bibi. Hakunifundisha mbele ya watu. Alifunika haya yangu kwa neno dogo, kama mtu anayefunika chungu. Adabu si kujua tu namna ya kukamata tonge. Ni vilevile kumsaidia aliyekosa asianguke kabisa.

NDANI YA PORI

Kesho yake mzee alinichukua tutembee. Jamaa mbili za Wambuti zilikuwa zinakwenda kuwinda kwa nyavu. Tulipoacha mashamba tu, jua likazimika kama mtu aliyefunga mulango. Tuliingia kati ya miti wanayoiita mbau. Ni mirefu, imesimama karibu karibu, na chini yake ni giza na baridi tamu. Mbegu za mbau ni kubwa, na nguruwe wa pori wanazila.

Mzee alitembea akionyesha kwa fimbo. Majani ya mangongo: Wambuti wanafunika nayo vibanda vyao, wanawake wanafunga nayo chakula. Kamba za kufunga mizigo na za kusuka nyavu. Uyoga. Asali juu ya miti. Muti mwingine ni dawa. Naye hakukosea: mizizi ya muti mmoja wa pori letu, ambao wataalamu wanauita Rauvolfia vomitoria, inatoa reserpine, dawa ya damu inayopanda, na ilisafirishwa mpaka Ulaya kwa kazi ile. Hata kahawa ya robusta inayonywewa duniani, mama yake ni muti wa pori hizi za Afrika. Na kule Yangambi, kilomita karibu 100 chini ya Kisangani, ambako toka mwaka wa 1933 kuna nyumba kubwa ya utafiti wa mimea, kuna aina ya ndizi inayoitwa Yangambi Km 5. Wataalamu wa ndizi wa inchi nyingi wanaijua kwa jina lile, jina la kipande cha njia katika pori letu.

Mzee alichimba udongo kidogo kwa ncha ya fimbo. Juu, majani yanayooza, meusi. Chini kidogo tu, udongo mwekundu. “Utajiri wa pori hauko chini,” akasema, “uko juu.” Ndivyo ilivyo. Sisi watu wa migodi tumezoea kwamba mali iko chini, na miti ni takataka ya kuondosha. Kumbe pori la mvua linajilisha lenyewe: majani yanaanguka, yanaoza, mizizi inayakamata upesi. Ukikata na kuchoma yote, utavuna vizuri miaka miwili ao mitatu, kiisha udongo unachoka. Miti vilevile inanyonya maji na kuyarudisha katika hewa kama pumzi, na sehemu ya pumzi ile inarudi kuwa mvua. Mwenye kuondosha pori kubwa anajiondoshea mvua yake.

Tulifika pahali pa kuwinda. Wanaume walifunga nyavu, wavu wa huyu karibu na wavu wa yule, mpaka zikafanya nusu ya mviringo. Wanawake na watoto walizunguka mbali, kiisha wakaja wakipiga kelele na kupiga majani, ili nyama wakimbilie nyavu. Siku ile walipata mboloko wawili. Mwenye wavu ndiye mwenye nyama, lakini hakuenda naye peke yake. Aliyesaidia kumkamata alipata kipande chake, na waliosukuma vilevile.

Mzee akaniambia bila kuniangalia: “Hapa, jambo moja ni mwiko. Mutu haweke wavu wake mbele ya nyavu za wenzake.”

Mwangereza mmoja, Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti wa Epulu katika miaka ya 1950, alieleza jambo lile lile katika kitabu chake cha mwaka wa 1961. Mtu mmoja, jina lake Cephu, alitega wavu wake kwa siri mbele ya wengine, ili nyama wafike kwake kwanza. Wakamjua. Waliporudi kambini hakuna aliyemwachia kiti, hata kijana hakusimama. Walimcheka, walimwambia anaweza kwenda zake na jamaa yake peke yao. Mtu peke yake katika pori, ataishi namna gani? Cephu alilia, aliomba msamaha, akatoa nyama yote. Lakini hawakumwacha na njaa. Usiku mmoja wao alimpelekea chakula, naye akarudi kuimba na wenzake.

Niliposikia neno la mzee juu ya wavu, firigisi ya jana ilinirudilia. Nyavu mbele ya wenzako, mkono mbele ya wenzako: ni kosa moja.

Kiisha mzee akauliza: “Kwenu, makala munafanya namna gani?”

Nikamweleza. Tunachagua pahali, tunakata yote, tunachoma. Miti ikiisha, tunasogea mbele.

Akanyamaza. Akauliza tena: “Na yule anakuja nyuma yako, atakula nini?”

Sikuwa na jibu. Unalo wewe?

TUSISEME NI KOSA LA WENGINE TU

Ndugu msomaji, usinifahamu vibaya. Sikuja kukuambia kwamba watu wa Ituri ni malaika. Nilikueleza juu ya vikapu vya nyama na kamioni za mbao. Kuna vilevile watu wanaochimba zahabu katikati ya pori na kuchafua mito. Tena pori lile limeona uchungu mkubwa. Tarehe 24 mwezi wa sita mwaka wa 2012, watu wenye silaha walishambulia Epulu. Waliua watu, walichoma nyumba, na waliua okapi 14 wa pale. Yule niliyemwangalia akikula polepole, yule naye aliuawa.

Wala sisemi kwamba maskini ndiye anayeharibu dunia. Mwaka wa 2017 wataalamu walitangaza kwamba katika mabwawa ya pori la katikati, kwetu na kwa jirani zetu wa Brazzaville, kuna udongo wa majani yaliyooza unaofunika kilomita za mraba 145 500, nao unafunga kaboni karibu tani bilioni 30. Ukikauka ao kuchomwa, kaboni ile itapanda hewani na kuongeza joto la dunia. Toka siku ile wageni wengi wanatuambia: lindeni pori! Ni neno la kweli. Lakini katika adabu yetu, mgeni aliyekwisha kula sahani tatu hamwambii mwenye nyumba apunguze tonge lake. Kwanza anaondosha mkono wake mwenyewe. Mataifa yanayochoma petroli nyingi yanapashwa kufanya vile, na kumpa mchunga pori haki yake.

Lakini hiyo isitufunike macho. Hapa kwetu, katika tanuru ya udongo, kilo 100 za kuni zilizokauka zinatoa kilo 10 ao 20 tu za makala. Zilizobaki zinakwenda na moshi. Angalia baiskeli zinazoingia mjini alfajiri, mifuko imepita kichwa cha mwenye kusukuma. Muulize anatoka wapi. Zamani makala yalitoka karibu na mji. Leo yanatoka mbali, na kila mwaka ni mbali zaidi. Na mukula? Sote tuliona kamioni zikibeba ule muti mwekundu kwenda inchi za mbali, mpaka vijiji vingine vikabaki na visiki tu. Mwaka wa 2019 mataifa yaliuweka katika orodha ya miti ambayo biashara yake inapashwa kuchungwa. Tulikuwa tumetega nyavu zetu mbele ya watoto wetu.

Bishimu vilevile. Wanawake wa kijiji wanajua muti gani unazaa bishimu kila mwaka. Anakuja kijana, haoni bidii ya kupanda, anaangusha muti wote kwa beseni moja. Beseni ile ni firigisi yangu.

NILIYOYAFANYA NILIPORUDI

Utaniuliza: nawe uliacha makala? Hapana, si mara moja. Niliporudi, watoto walikuwa bado wanakula. Niliendelea mpaka mwaka wa 2014, mtoto wangu alipopata kazi na kuanza kunisaidia. Lakini nilibadilisha namna.

Miti mingi ya pori letu la Katanga haifi ukiikata. Ukiikata chini, sawasawa, bila kuichanachana, kisiki kinatoa machipukizi. Nilianza kuacha miti mikubwa ya mbegu, hapa mmoja, pale mmoja. Niliacha miti ya bishimu na ya matunda. Sikung'oa visiki. Mwanzo wa kiangazi, majani yakiwa bado mabichi kidogo, tulisafisha kando kando, ili moto mkali wa mwezi wa tisa usiingie na kuua machipukizi. Nilikausha kuni vizuri mbele ya kuzichoma, na nilikaa karibu na tanuru kuziba matundu. Hivyo makala yaliongezeka kidogo kwa kuni zile zile. Wenzangu walicheka: “Mzee ameleta masomo ya Ituri!” Wawili kati yao walifanya kama mimi. Wengine hapana.

Leo ukienda pale, utaona sehemu mbili. Ile niliyokata mbele ya mwaka wa 2010 ni nyika, mtu amelima muhindi miaka michache, akaiacha. Sipendi kuipita. Ile nyingine, machipukizi yamekwisha kupita kichwa changu, na wanawake wamerudia kuokota uyoga. Si pori la zamani. Lakini anayekuja nyuma atapata kitu.

Nyumbani, bibi yangu alibadilisha mbabula. Fundi alimtengenezea mmoja wenye udongo ndani, unaoshika moto. Maharagi anaitia maji usiku, asubuhi inaiva upesi. Chakula kikiisha kuiva, anazima makala kwa majivu, hayaachi yajimalize bure. Ni mambo madogo, lakini ndiyo tulivyofundishwa tangu utoto: mtoto asiache bukari sahanini, asimwage maji ya kunywa.

MAMA NA BABA, TUANZE NA SAHANI

Nakuomba usidharau mambo ya meza. Mtoto anayenawa mikono na kumpitishia mkubwa maji, anayengoja, anayekula upande wake bila kuchagua nyama katikati ya sahani, anayemwachia mdogo wake, anayesema aksanti kwa aliyepika, mtoto yule amekwisha kujifunza nusu ya adabu ya pori. Na baba anayekula nyama yote, watoto wakiangalia mchuzi, asishangae kesho mtoto wake akikamata mali ya watu wote.

Babu yule wa Ituri amekwisha kufariki. Siku ya kuagana, alinipa firigisi. Kuku ilikuwa ya mwisho ya safari, watu wote wamekaa. Mimi nilikuwa nimeweka mikono juu ya magoti, kama mtoto wa shule. Aliitafuta ndani ya mchuzi, akaiweka upande wangu, akasema: “Kula, mukwe.” Hakuongeza neno.

Nilikula nusu. Nusu nilimpa mtoto mdogo aliyekaa karibu na mulango.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA KATIKA JAMAA

1. Nyumbani mwetu, nani ananyoosha mkono wa kwanza, na nani anangoja? Kwa sababu gani?

2. Makala yetu yanatoka wapi? Nani kati yetu amekwisha kufika pahali pale?

3. Ni kitu gani cha pori ambacho wazazi wetu walikula, nasi hatukioni tena sokoni?

4. Mtu akikosa adabu mbele yetu, tunamfunika haya ao tunamcheka?

5. Anayekuja nyuma yetu, atakula nini?